Kamba Iliyorudi Peke Yake

Filamu ya Krismasi ya kwaya yetu niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye daftari la ofisini, saa za chakula cha mchana hapa Bariadi. Nasema hivi mapema kwa sababu wapo kule kijijini kwetu Lingeka wanaosema iliandikwa na mvua, na wapo wanaosema iliandikwa na ng'ombe. Wote hao nawaheshimu, ila daftari ninalo.

Wazo lilikuwa la binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye kazi yake ni kupiga video za harusi mjini. Kwaya ya kigango chetu cha nyumbani ilitaka video ya Krismasi kama ya kila mwaka: sare mpya, watu wanayumba kushoto na kulia mbele ya maua ya jirani. Binamu akakataa. Alikuwa amemaliza wiki nzima akitazama filamu za Krismasi za Wazungu, zile zilizotiwa sauti ya Kiswahili na jamaa mmoja anayeigiza watu wote mpaka mbwa, na kumbe nyingi zina hadithi moja. Kuna baba aliyefiwa na mke, kuna watoto wenye huzuni, kuna theluji, halafu anatokea mwanamke mwema na sikukuu inawakuta wote mezani.

"Dada, theluji hatuna," akaniambia, amesimama mlangoni mwa ofisi na helmeti mkononi, "lakini wafiwa tunao. Niandikie kitu kama hicho, ila kiwe cha kwetu. Kiwe na ng'ombe."

Nikaandika. Na lazima nikiri kwamba kwenye karatasi nilikuwa mkarimu sana. Mgane wangu nilimwonea huruma. Nilimpa upweke, nikampa shati lililochanika, nikampa jirani mjane mwenye cherehani, nikawapeleka taratibu mpaka ng'ombe wa mahari akaingia zizini na watoto wakapiga makofi. Kuna kurasa nilizoziandika huku machozi yananitoka juu ya chapati.

Nyumbani sasa. Baba yangu mwenyewe alikuwa na mwaka wa sita tangu mama afariki, na shangazi zangu walishaleta majina ya wanawake watatu. Wote nilikuwa nimewafukuza kwa maneno. Wa kwanza nilisema ni mdogo mno. Wa pili nilisema anaongea sana. Wa tatu hakuwa na kosa lolote, kwa hiyo nilisema baba hajawa tayari. Baba hakuulizwa. Mimi ndiye mkubwa, wadogo zangu wawili wako Mwanza, na wakipigiwa simu kuhusu mambo ya nyumbani husema, "Dada ndiye anajua." Kila mwisho wa mwezi nilitoka Bariadi na sukari, majani ya chai na dawa ya mgongo, na nikifika naanza ukaguzi. Kanga ya mama iko nyuma ya mlango? Kiti chake kiko mahali pake? Nikikuta kimesogezwa nakirudisha. Nilijiambia kwamba baba hana upweke, kwa kuwa anatuona sisi.

Shida ilianza kwenye kugawa nafasi. Wanaume wa kwaya walisoma daftari langu, wakasifu, kisha kila mmoja akarudi nyuma hatua moja. Nani ataigiza kufiwa na mke wakati mke yuko jikoni anasonga ugali? Huo ni uchuro. Mwenyekiti wa kwaya, mtu anayejisifu kwamba haogopi kitu, alisema yeye koo linamuuma. Wake za watu nao wakakataa nafasi ya mjane, na waume zao wakawaunga mkono kwa haraka ya kushangaza. Basi ikabaki njia moja tu, nayo watu wote waliiona ni ya busara: mgane aigizwe na mgane, na mjane aigizwe na mjane, kwa sababu mtu aliyekwisha kunyeshewa haogopi tena umande. Hakuna aliyesimama akafikiri jambo hilo mpaka mwisho. Hata mimi mwandishi.

Mgane wa kigango alikuwa mmoja, baba yangu. Mjane aliyekuwa na sauti ya kusikika na ratiba ya kumruhusu alikuwa yule anayeimba sauti ya pili na kushona sare zetu, mwanamke mtaratibu wa makamo, ambaye baada ya msiba ndugu za mumewe walimwambia arudi kwao. Akarudi, mama yangu akiwa ameshafariki, hawakuwahi kuonana. Alikuwa anaishi ng'ambo ya korongo kwa kaka yake, kwenye chumba cha uani, yeye na cherehani yake. Watu wakimtaja walikuwa wanasema "yule aliyerudishwa," bila ubaya, kama mtu anavyosema "yule mrefu."

Baba alikubali. Nilidhani amekubali kwa ajili ya kanisa.

Siku za kwanza za kupiga picha nilikuwepo, na niliteseka, kwa sababu baba yangu hawezi kuigiza. Hajui namna ya kufanya kitu ambacho hakifanyi. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika kwamba mgane anajaribu kupika pilau ya sikukuu na inaungua, watazamaji wacheke. Baba akasimama mbele ya chungu na mwiko, kamera inazunguka, akageuka kunitazama.

"Huu mchele tutakula?"

"Hapana baba, unaunguza."

"Chakula siunguzi makusudi," akasema, na akaipika ile pilau vizuri, taratibu, akafunika na makaa juu, na sisi sote tukaila. Binamu akaniambia nibadilishe hadithi. Nikabadilisha. Nilikuwa sijui kwamba baba anajua kupika pilau. Miaka sita nilikuwa nakagua viti, sikuwahi kufunua sufuria.

Halafu likaja shati. Hadithi ilimtaka mgane apeleke shati lililochanika kwa mjane wa cherehani. Nikatafuta shati bovu kwenye sanduku la baba, sikuliona hata moja, nikachukua moja zima nikalichana begani kwa mikono yangu. Yule mama akalipokea, akaliweka magotini, akaligeuza upande wa ndani. Binamu alikuwa bado anafuta kioo cha kamera.

"Hapa ubavuni nani alikushonea?" yule mama akauliza.

"Mimi," baba akasema.

"Kwa uzi gani huu?"

"Wa gunia."

Alikuwa ameshona shati la kanisani kwa ule uzi mnene tunaofungia magunia ya pamba, mshono baada ya mshono, umenyooka kama mstari wa jembe la ng'ombe. Yule mama akapitisha kidole juu yake mpaka mwisho, akaanza kucheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyekuta mwenzake njiani anabeba mzigo ule ule. Baba naye akacheka, na mimi nikasimama pale nimeshika daftari, kwa sababu kicheko cha baba nilikuwa nimekisahau. Kilikuwa kinaanzia kifuani na kinachelewa kufika mdomoni. Nilikijua nikiwa mtoto, nikakizika na mama bila kujua.

Binamu alilia kwamba hakuwa amewasha. Akawaomba wacheke tena. Wakajaribu, wakashindwa, wakatazama chini.

Nilirudi Bariadi na hasira nisiyoweza kuipa jina, na pia na mshangao. Ofisini nilikosea barua mbili.

Tukio la ng'ombe lilipangwa siku ya Ijumaa, na mimi sikupata ruhusa. Asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye daftari sehemu ile nilikuwa nimeandika hivi tu: "Ng'ombe mmoja, yeyote. Wazee waseme maneno yao." Nikaacha nusu ukurasa mtupu. Mimi ni mwanamke, tena nimekulia shuleni; wazee wanachosema wakipokea ng'ombe wa mahari sikuwahi kukisikia kwa ukaribu. Tulikuwa tumekubaliana na binamu atumike yule dume mzee wa kulimia, mpole, anayesimama popote unapomsimamisha. Na kwa kuwa kaka wa yule mama na wazee wenzake hawawezi kukariri, binamu aliwaambia maneno ambayo mpaka leo namtania kwayo: "Wazee wangu, msiigize. Fanyeni kama mnavyofanya siku zote."

Ijumaa ile mvua ilipiga Meatu yote. Jumamosi nilishuka kwenye basi Mwanhuzi, nikapanda bodaboda, na udongo wa mbuga ukatushika magurudumu mpaka tukashuka tukasukuma. Nilifika nyumbani nina matope mpaka magotini. Binamu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kamera mapajani, hanitazami.

"Ng'ombe yuko wapi?" nikauliza, maana nilipita zizini na mwanamke wa kwetu hawezi kupita zizini bila kuhesabu.

"Kule."

"Kule wapi?"

"Kwa wakwe," akasema, kisha akajiziba mdomo. "Kwa kaka yake yule mama. Dada, mvua ilitukuta katikati. Korongo likajaa. Sisi tulivuka kwa kushikana mikono, ng'ombe hakuweza. Amelala kule. Na asubuhi hii mzee ametuma mtu anauliza wengine wanakuja lini."

"Wengine gani?"

"Ng'ombe wengine."

Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Kwetu ng'ombe akiingia zizi la wenye binti, wazee wakasema maneno, na akalala humo, hilo ni jambo limekwisha kusimama. Kumtoa asubuhi ni kumkataa mwanamke mbele ya ukoo wake na mbele ya majirani waliomwona ng'ombe akipita. Na yule mama alikuwa ameshakataliwa mara moja. Akirudishwa tena, tena kwa sababu ya filamu, asingeweza kusimama kwenye kwaya wala popote. Asiporudishwa, baba yangu ameoa.

"Kamba je?" nikauliza. Nyumbani kwa baba, karibu na mlango, kuna msumari wa kamba. Ng'ombe akitoka kwenda kwa watu, awe ameuzwa au ametolewa mahari, kamba yake haiachwi huko. Inarudishwa na kutundikwa pale, na mtoto yeyote wa kwetu akikuona unarudi na kamba mkononi bila ng'ombe anajua kwamba mambo yamekubaliwa. Msumari ulikuwa mtupu.

"Kamba nayo ilibaki. Hatukuwahi."

Baba akatokea upande wa shamba, jembe begani, maana mvua ikinyesha pamba haisubiri mkutano. Tukasalimiana, mwangaluka kwa mwangaluka. Akaosha miguu yake kwa utaratibu, mmoja kisha mwingine, huku mimi namwaga maneno. Nilisema tutaaibika. Nilisema ni filamu, wazee wameelewa vibaya, nina daftari, nitawasomea. Nilisema mama. Baba akakung'uta maji miguuni.

"Wewe ndiye uliyeandika," akasema. "Nenda kamtazame ng'ombe. Ukiona ni picha tu, mlete. Sitakasirika."

"Na wewe baba unasemaje?"

"Nilishasema. Mwambie huyo mwenye kamera akuonyeshe."

Akaingia ndani kutafuta chai.

Binamu akawasha kamera, tukainamisha vichwa juu ya kile kioo kidogo, tukakifunika na mtandio wangu ili jua lisituzuie. Hivyo ndivyo nilivyomwona baba yangu. Alikuwa amevaa lile shati lenye uzi wa gunia, bega bado limechanika. Anakuja kutoka mbali, ukubwa wa kidole changu, na anavuta ng'ombe, na nilipomtambua yule ng'ombe nilishika mkono wa binamu. Hakuwa dume mzee wa jembe. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe shingoni, mjukuu wa ng'ombe ambaye mama alikuwa anamkamua mpaka mwezi aliougua. Ule uzao baba hauzi. Mwaka wa njaa hakuuza. Mimi nilipohitaji kumalizia chuo aliuza wengine.

"Nilimwambia alete dume," binamu akanong'ona. "Akasema dume ni wa kulimia."

Kwenye kioo mzee wa upande wa pili, yule kaka, anasimama mbele ya zizi na fimbo yake. Anauliza kwa Kisukuma, sauti ya kawaida kabisa, bila kuitazama kamera: unatafuta nini kwangu?

Na baba yangu, asiyejua kuigiza, akajibu. Nitayaweka kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Nilifiwa. Nimekaa miaka sita. Watoto wangu ni wema, wananiletea sukari, wananiletea dawa, hawajaniacha. Lakini wakishaondoka, chai nainywa nikiwa natazama kiti. Mama yao sikumsahau. Huyu ni wa uzao wa ng'ombe aliyekuwa anamkamua mwenyewe. Kama ningekuwa nacheza, ningeleta mwingine."

Mzee akaweka kiganja mgongoni mwa mtamba, akakipeleka mpaka kwenye nyonga, akatazama macho yake, meno yake, kwato zake. Hakuharakisha. Kisha akaita dadake, akamuuliza mbele ya wote: huyu mtu unamjua? Tumpokee ng'ombe wake, au tumwambie arudi naye?

Kwenye daftari langu mjane hapo hana maneno. Sikumwandikia. Yule mama akasogea mpaka ukingo wa zizi, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mpokeeni."

Hapo matone yakaanza. Unaona kivuli kikubwa, hicho ni kifua cha binamu, anafunika kamera kwa fulana yake, na baada ya hapo hakuna picha. Kuna sauti tu. Mvua inapiga bati, mtu anacheka, wazee wanaitikia jambo kwa pamoja, na ng'ombe analia mara moja. Tulisikiliza giza lile mpaka likakatika. Mtu aliyenibeba mgongoni, niliyemnunulia dawa ya mgongo, niliyempangia viti, alikuwa ameishi maisha marefu karibu yangu na mimi sikuyaona, mpaka alipoyasema ndani ya kikasha cha harusi za watu. Nililia. Binamu akajifanya anatafuta chaja.

Bado niliondoka na daftari langu kwapani. Nina kichwa kigumu, hata hao wanaonipenda wanasema hivyo.

Korongo lilikuwa limepungua, maji ya magoti. Ng'ambo nilimkuta yule mzee anaziba pengo la zizi kwa matawi ya miiba. Tukasalimiana salamu ndefu, ya watu, ya mvua, ya mifugo, mhola kwa mhola, kama vile sikuja na jambo. Akaniongoza zizini. Mtamba alikuwa amelala katikati ya ng'ombe wengine, anacheua. Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo. Mzee akaishusha, akanipa mkononi.

"Nasikia unayo karatasi," akasema.

"Ninayo, baba."

"Mimi kuigiza sijui. Niliambiwa nifanye kama siku zote, nikafanya. Kama wenyewe mlikuwa mnacheza, mfunge umpeleke. Sitakudai kitu." Akatazama upande wa chumba cha uani. "Ila dada yangu aliwahi kurudishwa, hilo unalijua. Nilimpokea. Akirudishwa akiwa hapa hapa nyumbani kwangu, nitampokelea wapi?"

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, amesikia yote. Akaja, ameshika lile shati. Kumbe baba alimwachia jana, akavuka korongo na fulana.

"Mwanangu," akasema, "usimchukue ng'ombe kwa kunichukia, na usimwache kwa kunihurumia. Ukimpeleka, kaka nitamwambia ilikuwa picha. Nitakaa nishone. Nimeshazoea." Vidole vyake vilikuwa vinakunjua na kukunja ukosi wa shati. "Hili mpelekee. Hapa begani palikuwa pamechanika upya, nimepashona. Mtu alipachana kwa nguvu."

Nilijua ni nani. Nikaligeuza shati upande wa ndani. Begani kulikuwa na mshono wa cherehani, laini, usioonekana ukivaa. Ubavuni uzi wa gunia ulikuwa bado upo, wote, hakugusa hata mmoja. Mshona nguo yeyote angeufumua ule uzi. Ni aibu kwa fundi kutoa nguo kama hiyo dukani kwake. Yeye aliuacha. Aliiacha miaka sita ya baba mahali pake, akashona pembeni yake.

Basi nikaingia zizini na kamba. Nikachuchumaa karibu na mtamba, nikamwekea mkono shingoni kwenye lile doa. Alinipulizia pumzi ya majani, akaendelea kucheua. Mzee alikuwa amegeuka, anajifanya anatazama miiba yake. Yule mama hakugeuka. Nilimwona mama yangu na ndoo yake, nikamwona baba na kikombe chake, na nikaona kwamba mimi nilikuwa nimeshika kamba hii miaka sita na kumfunga nayo mtu.

Nikasimama, nikaanza kuizungusha kamba kiganjani na kwenye kiwiko, kama alivyonifundisha mama, mpaka ikawa pete.

"Mmeshampa chumvi?" nikauliza.

Mzee akageuka taratibu.

"Huyu hapendi kulala karibu na mlango," nikasema. "Anashtuka. Na akianza kukamuliwa, msimkamue na mtu mwenye haraka. Asante kwa shati, mama mdogo."

Yule mama akakaa chini, pale pale kwenye samadi, na kanga yake safi, akajifunika uso. Kakake akasema "Wabeja," asante ya Kisukuma, mara moja, na akarudia kazi yake ya miiba, ila mikono haikuwa inaweka tawi popote.

Nilivuka korongo, nikapanda shambani kwetu. Pamba ilikuwa imechomoza majani mawili mawili, na jua baada ya mvua ile lilikuwa limeshuka juu ya kila kitu. Daftari sikukumbuka nimeliacha wapi, nililetewa baadaye. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliniona nikiwa mbali. Nilipofika alitazama mikono yangu, akapokea kamba, akaitundika kwenye msumari.

"Maji yamepungua?" akauliza.

"Yamepungua, baba."

Mengine yalifuata taratibu zake, ng'ombe waliobaki, paroko, matangazo ya ndoa kanisani. Siku ya Krismasi yalikuwa yamesomwa mara mbili, imebaki moja, kwa hiyo kwenye kuonyesha filamu wale wawili walikaa benchi moja na mimi nikawekwa katikati, kwa heshima ya kanisa.

Tulionyeshea kwenye ghala la pamba, maana Desemba halina kitu, na ukiziba madirisha kwa magunia linakuwa giza saa nane mchana. Shuka la kitanda ukutani, jenereta nje, kijiji kizima ndani, nyuzi za pamba zinaelea kwenye mwanga wa projekta. Watu waliicheka pilau isiyoungua. Kwenye tukio la ng'ombe baba aliposema habari ya kiti, mwanamke mmoja nyuma akasema "Yesu wangu," basi.

Mimi nilikuwa nasubiri mwisho. Niliandika hotuba ndefu ya mwisho, mtoto mkubwa anamwambia baba yake maneno ya kumbariki, kurasa mbili, mazuri sana. Binamu alikuwa ameikata yote. Badala yake, baada ya giza la mvua, shuka likajaa jua. Shamba la pamba changa. Mtu anakuja kutoka upande wa korongo, mdogo, kisha mkubwa, sketi ya ofisini imejaa matope, shati la mwanaume begani, na mkononi kamba imezungushwa, bila ng'ombe. Nilikuwa mimi. Binamu alikuwa amekaa kizingitini siku ile anajaribu mwanga, akaniacha nije mpaka nikajaa shuka lote. Hakuweka sauti, hakuweka wimbo.

Ghala zima likasimama. Hawakuambiwa kitu; waliiona kamba. Wanawake walipiga vigelegele mpaka vumbi la pamba likashuka kutoka kwenye paa, na wazee waligonga fimbo sakafuni. Mimi nilibaki nimekaa.

Upande wangu wa kulia baba hakusimama pia. Alikuwa amekaza macho kwenye shuka, midomo imefunguka kidogo, kama mtoto.

"Mama yako," akasema, kwa sauti ambayo tuliisikia sisi watatu tu. "Alikuwa anatembea hivyo hivyo. Kamba akiizungusha hivyo hivyo."

Mama mdogo, upande wangu wa kushoto, akainuka. Akalitazama shuka mpaka picha ilipotoweka, akatengeneza kanga yake kama mtu anayekaribishwa nyumbani kwa mwenyewe.

"Basi leo nimemwona," akasema.